Chumba cha Kwanza

Hadi leo nikipita mahali penye kompyuta nyingi zilizowashwa pamoja, ile harufu ya vumbi lililopata moto hunirudisha kwenye maabara ya ghorofa ya pili, kwenye kiti kilichovunjika mgongo nilichokuwa nikikigombea kila asubuhi na mwenzangu Pasi. Tulimwita Pasi kwa sababu shati lake halikuwahi kuonekana na kunyanzi. Mimi nilikuwa na ulimi mkali na haraka ya kila kitu. Yeye mpole mpaka anakera. Nawakumbuka wote wawili, yeye na yule mimi wa wakati ule, na natamani kuwaona tena.

Mwaka wa mwisho tulitengeneza gemu ya msichana aliye ndani ya nyumba inayoingia maji. Vyumba vitano, funguo tano, na maji yanazidi kupanda. Mwalimu wetu alikuwa na utaratibu wake wa mtihani. Anayejaribu gemu lazima awe mtu asiyesomea kompyuta, na nyinyi mlioitengeneza mnakaa nyuma yake, midomo imefungwa. Akifika chumba cha tatu ndani ya nusu saa, mmefaulu. Mkitamka neno, mnarudia muhula mzima.

"Mtu akinunua gemu yenu," alikuwa akisema, "mtaenda kukaa sebuleni kwake mumwelekeze?"

Sisi tukaletewa mama msafishaji wa jengo letu. Alitujua vizuri, maana kila siku alitusema kwa makaratasi ya biskuti tunayoacha chini ya meza. Akafuta mikono kwenye aproni, akakaa, akakishika kipanya kwa woga.

Dakika kumi za kwanza alijifunza kutembea tu. Halafu msichana wa kwenye skrini akagonga kiti, na kiti kikasogea. Nikamtazama Pasi, Pasi akanitazama. Viti na sufuria vilitakiwa vikae palepale. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshaandika amri ya kuvizuia.

"Ala! Kumbe vinasogea!" mama akasema.

Basi akaanza kazi. Akavipanga viti kuzunguka meza. Akazisukuma sufuria moja moja mpaka kwenye kona ya jiko. Maji yetu yalikuwa yanaanzia chumba cha pili, kwa hiyo chumba cha kwanza hakikuwa na cha kumkimbiza. Akawa anacheka peke yake, anaongea na yule msichana: "Nyumba hii ina wenyewe kweli? Ngoja, mama, tupange kwanza."

Zikabaki dakika sita. Pasi akanikanyaga mguu ili nitulie. Nikajikaza kisabuni. Zilipobaki nne, uzalendo ukanishinda.

"Mama, achana na viti! Mlango huo hapo!"

Mama akakiachia kipanya upesi.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilidhani nacheza."

Mwalimu akaandika kwenye karatasi yake bila kuniinulia macho. "Muda wote huu gemu yenu ilikuwa mbele yenu," akasema, "na hamkuiona." Pasi hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo liliniuma kuliko kufeli kwenyewe.

Tukarudia muhula. Tukafuta maji, tukafuta funguo. Ikabaki nyumba iliyovurugika na mtu anayeipanga taratibu. Wanafunzi wenzetu walikuja kuichungulia kidogo, wakasahau kuondoka. Tulifaulu kuliko darasa zima, na gemu hiyohiyo ndiyo iliyonipatia kazi ninayofanya mpaka sasa.

Lakini kabla ya mtihani ule wa pili nilikwenda kumtafuta mama. Nilimkuta anapiga deki ngazi.

"Mama, tumeitengeneza upya. Ni kwa ajili yako. Kila kitu kinasogea."

Akatabasamu, akalikamua tambara lake kwenye ndoo.

"Asante, mwanangu. Mtafuteni mtu anayejua. Nisije nikawafelisha tena."

Nikamwambia kosa lilikuwa langu, si lake. Nikambembeleza ngazi tatu nzima. Akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu mzima anayemkubalia mtoto ili yaishe, akaendelea kupiga deki. Watu wengi wameicheza gemu ile tangu siku hizo. Yeye hakuigusa.