Kiraka Kabla ya Tundu

Fundi cherehani hakuwa mtu wa katuni. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, sare za shule zimemrundikia hadi dirishani, atapata wapi muda wa kutazama mabinti wa kuchora wakikimbizwa na majoka? Lakini mwezi ule alikaa kitako akatazama, kwa sababu baba yake alikuwa anavunjiwa heshima hadharani, na yeye hakuwa tayari kuliacha lipite hivi hivi.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka kumi na minane nyuma, baba yake ndiye aliyetafsiri Malango ya Ukungu, katuni ya sehemu ishirini na sita, hadithi ya binti aitwaye Mbeba Taa anayepita malango saba kumtafuta kaka yake. Watu waliipenda, ila haikushikika. Leo mtu kafa, wiki ijayo yuko kitandani anaumwa. Leo binti kavuka mto, wiki ijayo anauliza mto uko wapi. Lawama zote zikamwangukia mtafsiri. Na sehemu ya tano ndiyo iliyommaliza kabisa: Mbeba Taa anakutana na joka darajani kwa mara ya kwanza maishani mwake, halafu anamwambia, "Nilikuahidi nitarudi, nimerudi." Watu walivunjika mbavu. Hadi leo vitoto ambavyo havikuwa vimezaliwa vinamwita Mzee Nimerudi, na ukiviuliza kwa nini, havijui.

Mzee akaacha kutafsiri. Akafungua kibanda cha fotokopi, kazi isiyomtaka mtu aelewe kilichoandikwa, akanyamaza zake. Sasa kituo cha televisheni kikatangaza kwamba katuni inarudi, kwa tafsiri mpya, "maana ile ya zamani ilivuruga hadithi." Hivyo hivyo, hewani, mchana kweupe. Sauti mpya zingeanza kurekodiwa Jumatatu, wiki tatu mbele.

"Waache," mzee alisema. "Labda kweli lugha ya wenye katuni ilinishinda."

Neno hilo ndilo lililompandisha fundi mori. Siku hiyo hiyo alivuta uvunguni sanduku la kanda za video, zile ambazo kituo kilitaka kuzitupa na mzee akaziomba. Akaazima deki, akaiunga kwenye televisheni ya chumba cha kushonea, akaanza kuzitazama upya, sehemu moja kwa siku, na kuandika maoni yake mtandaoni. Shangazi yake, dada mkubwa wa mzee, alikaa kwenye kiti cha wateja akishikiza vifungo na kutoa hukumu ambazo hakuna aliyemwomba.

Fundi aliandika kama fundi. "Sehemu ya kwanza," aliandika, "joho la Mbeba Taa limekatwa vizuri, linaanguka linavyotakiwa. Mfalme amevaa suruali isiyo na mshono hata mmoja. Sijui aliingiaje." Watu wakapenda. Kufikia siku ya nne alikuwa na wasomaji wengi kuliko wateja. Wengine walimpiga vijembe, wakamwambia arudi kwenye cherehani yake, tafsiri ya baba yake haina wa kuiokoa. Alivisoma vyote, akameza.

Siku ya tano ikaja na joka lake, daraja lake na maneno yale ya aibu. Shangazi akaguna. "Mdogo wangu naye. Siku hiyo sijui alikula nini."

Fundi akaisogelea televisheni. Alikuwa hasikilizi maneno, anatazama bega. Joho la Mbeba Taa lilikuwa na kiraka cha kijivu begani kushoto, kimeshonwa kwa mkono, kwa mishono mirefu ya mtu mwenye haraka zake. Ana hakika jana hakikuwepo. Hakungoja kesho, akaweka sehemu ya sita papo hapo. Humo joho lilikuwa zima, halina hata alama. Katikati joka likamvamia, likalirarua begani kushoto, na binti kabla ya kukimbia akageuka akapaza sauti: "Nitarudi. Nakuahidi." Mwishoni yuko kando ya moto, sindano mkononi, anatia kiraka cha kijivu.

Fundi aliacha kukanyaga cherehani.

"Shangazi, ushawahi kutia kiraka nguo ambayo haijachanika?"

"Nina wazimu?"

"Basi hii ya sita ndiyo ya tano."

Akazitoa kanda zote mbili akaziweka mapajani. Kila moja ilikuwa na lebo ya kituo, ya mkono, wino wa bluu. Ile iliyorushwa kwanza imeandikwa "Saa 3", ile iliyofuata "Saa 9". Akachukua wembe wake wa kufumulia, akazibandua taratibu. Chini yake kulikuwa na chapa ya wenye katuni: tarehe moja kwenye kanda zote mbili, ila chini ya saa tatu kulikuwa na namba tisa, na chini ya saa tisa kulikuwa na namba tatu. Akamwita baba yake.

Mzee alikuja na vidole vyeusi vya wino wa mashine. Alizitazama kanda muda mrefu, kisha akakaa chini, sakafuni, kama mtoto.

"Huko kwao walionyesha sehemu mbili kwa siku," alisema polepole. "Ya kwanza saa yao ya tatu, kwetu saa tisa alasiri. Ya pili saa yao ya tisa, kwetu saa tatu usiku. Mtu wa hapa akageuza saa, akageuza sawasawa kabisa. Halafu akazipanga kwa namba, tatu mbele, tisa nyuma. Alasiri na usiku akavisahau."

"Zote?"

"Kila mbili."

"Na wewe makaratasi ya kutafsiri walikupa vipi?"

"Kwa mpangilio wa kanda. Niliona maneno yanakuja kabla ya wakati wake. Nikauliza, nikaambiwa niache ujuaji." Akajifuta wino vidoleni. "Mwisho nikaamini ni mimi."

Fundi alilia, hakujificha. Miaka kumi na minane mtu anajiona mjinga kwa kosa lisilo lake. Jamani. Shangazi ndiye aliyewakatiza. "Mtalia baadaye. Wekeni ile nyingine, nataka kujua kama yule anayeumwa anakufa."

Wiki nzima walizitazama zote ishirini na sita, kila mbili wakizigeuza, na hadithi ikanyooka. Aliyeumwa akafa kwa utaratibu wake, shangazi akamlilia. Fundi akaandika yote, akaweka na picha za lebo. Alhamisi, siku nne kabla ya kurekodi, akamshika baba yake mkono wakaenda kituoni.

Mkuu wa vipindi aliwapokea bila kuinuka. "Dada, mtandaoni siku hizi kila mtu mtaalamu."

"Mimi si mtaalamu, mkuu. Nashona tu." Akazipanga kanda mezani, lebo kando ya chapa, akaeleza kiraka, akaeleza saa, hakupandisha sauti hata mara moja. Mkuu alianza kusikiliza kwa jicho moja. Halafu akachukua lebo, akaisogeza karibu na uso. Ile tisa ilikuwa na mkia uliojikunja kama ndoana.

Mzee alimwambia kwa upole, "Wakati ule stoo ya kanda ulikuwa nayo wewe."

Mkuu alivua miwani. Angeweza kukana, nani angemfanya nini? Lakini alisimama, akazunguka meza, akamshika mzee mikono yote miwili.

"Tisa hii ni yangu," alisema. "Na mimi nilikuwa wa kwanza kukucheka. Nisamehe, mzee wangu."

Tafsiri mpya ikafutwa. Kituo kikaomba radhi hewani, kikamtaja mzee kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, mara tatu, na shangazi alizihesabu. Katuni ikarudi kwa mpangilio wake. Siku ya daraja, Mbeba Taa aliposema amerudi, kinyozi wa ng'ambo ya barabara alizima mashine yake kichwa cha mteja kikiwa nusu, na kibarazani kwake watu wakapiga makofi. Mzee alikuwa amesimama katikati yao. Hakujua aweke wapi mikono.

Wiki chache baadaye wote watatu walikuwa chumba cha kushonea, wanatazama, mzee mbele kabisa. Mlinzi wa lango la nne akanguruma, "Fungeni lango!" na lango likafunguka wazi, taratibu, mbele ya macho ya watu wote.

Mzee akapigwa na butwaa. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika mbavu. Fundi hakuwahi kumsikia akicheka hivyo tangu akiwa msichana.

"Kosa hilo sasa ni langu," alisema akifuta machozi. "Hilo hakuna wa kumsingizia. Andika."

"Baba, hakuna aliyeona."

"Nimesema andika. Sehemu hii ni nzuri, ila hapa mtafsiri alisinzia."

Fundi akaandika hivyo hivyo, na mzee akasoma juu ya bega lake kuhakikisha hajapunguza neno.