Bwana Sare

Mjomba wangu ni mchezaji wa sataranji wa kulipwa ambaye hapendi kushinda. Kufungwa pia hapendi. Anachopenda ni kusogeza kete zake kidogo, kujivuta ukosi wa shati, kisha kunyoosha mkono juu ya ubao na kusema kwa adabu zote, "Sare, ndugu yangu?" Wapinzani hukubali, maana kumfunga mtu asiyetaka chochote ni kazi ya sulubu. Kwa mwendo huo yumo kwenye timu ya taifa tangu sijazaliwa. Magazeti yamembatiza Bwana Sare, na mama yangu, ambaye ni dada yake, hulitamka jina hilo kana kwamba ni cheo.

Mwaka huu, kwenye mashindano ya kuchagua timu, ilibaki nafasi moja na mchezo mmoja: mimi na mjomba. Tukitoka sare, anabaki yeye. Nikishinda, naingia mimi. Ukumbini minong'ono ikaanza palepale. Damu ni damu, walisema, hao wameshapanga sare yao mezani kwao. Mwamuzi akaniita pembeni.

"Binti, mimi simtuhumu mtu. Ila nitakaa karibu na meza yenu."

Nyumbani mama alikuwa na hoja zake. "Sare ina ubaya gani? Hakuna anayeumia."

"Naumia mimi, mama."

"Wewe bado mdogo, utapata nafasi nyingine. Yeye wakimtoa ndiyo basi tena. Atashinda hapa jikoni kwangu akinifundisha kupika."

Moyoni nilishakata shauri kwamba mjomba hatapata sare kwangu. Nikajiandaa. Yaani, nilijiandaa kumkatalia. Nilisimama mbele ya kioo na mswaki mdomoni nikitafuta maneno. "Hapana, mjomba" lilikuwa kavu mno. "Kwa heshima zote, mjomba, naomba tuendelee" likanikaa vizuri, nikalirudia mpaka likalainika. Michezo yake sikuigusa. Ningesoma nini kwa mtu asiyecheza?

"Shikamoo, mjomba," nikamwamkia siku ya mchezo, nikikaa mbele yake.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

Tukaanza. Mwamuzi alikuwa ameleta kiti chake karibu kiasi cha kunipumulia begani. Nilicheza kwa mkono mmoja, sikio likisubiri. Mjomba akajivuta ukosi. Nikafungua mdomo, heshima zote zikiwa tayari ulimini, lakini alichofanya ni kujikuna shingo na kupeleka farasi katikati ya ubao. Baadaye akanyoosha mkono. Nikavuta pumzi. Akachukua kete yangu.

Nilipoacha kumtazama yeye na kuutazama ubao, malkia wangu hakuwa na pa kukimbilia. Nilitafuta njia huku, nikatafuta kule, na saa haikunihurumia. Ndipo nikasikia sauti, na aibu yake sitaisahau, kwa sababu ilikuwa yangu.

"Mjomba, sare?"

Mwamuzi akainama mbele. Mjomba hakuinua macho.

"Cheza, mama," akasema.

Nikacheza nilichobakiwa nacho, kisha nikamlaza mfalme wangu. Mwamuzi, aliyeniona nikihangaika mwanzo hadi mwisho, akabeba kiti chake akaondoka. Mjomba akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Ilikuwa ya baridi.

"Walisema tumepanga," akaniambia taratibu. "Mimi wamenisema miaka yote, nimezoea. Wewe ndiyo kwanza unaanza."

"Kwa hiyo umenifunga kwa faida yangu?"

"Na yangu kidogo," akasema, akatazama pembeni.

Nilimkasirikia, na nilimpenda kuliko siku zote, na sikujua nianze na lipi. Nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi za ukumbi nikampigia mama.

"Enhe? Sare?"

"Amenifunga."

Mama alipiga kigelegele mpaka nikaitoa simu sikioni. Kaka yake! Kashinda! Kikapanda, kikazunguka nyumba nzima, halafu kikakatika ghafla, kwa sababu alikuwa amekumbuka aliyefungwa ni nani.

"Jamani, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Umelia?"

"Ndiyo naanza," nikamjibu.