Manyoya Yaliyolala Kinyume

Siku hizo pale Uppsala, tasnifu ya udaktari ilitetewa mbele ya wapinzani watatu. Wa kwanza alitafuta makosa. Wa pili alitafuta yaliyomponyoka wa kwanza. Wa tatu alikuwa rafiki wa mtahiniwa, na kazi yake ilikuwa kuchekesha watu. Gunvor Sandelin alinichagua mimi kuwa wa tatu.

Tasnifu yake ilidai kwamba panya aliyechanjwa kwa seli za saratani zilizouawa kwa mionzi huzikataa seli hai za saratani hiyo hiyo, kwa kuwa zina antijeni, yaani alama ngeni ambazo kinga ya mwili huzitambua.

Profesa Rydelius, mpinzani wa kwanza, alisimama.

"Panya hukataa nyama yoyote ya ukoo mwingine, iwe na saratani au isiwe nayo. Panya wako ni wa ukoo mmoja na yule aliyeota uvimbe uliotoa seli hizo?"

"Ndiyo, Profesa. Wamezalishwa ndugu kwa ndugu."

"Hayo ni maneno ya muuzaji wa panya. Je, Bibi Sandelin, ulipima mwenyewe?"

Gunvor alikiri kwamba hakupima. Bila kipimo hicho hakuwa na tasnifu.

Zamu yangu ilipofika, nilipanda jukwaani na ndevu bandia nyekundu, nikaweka mezani kizimba chenye panya watano, wote majike. Niliwachukua kwake kwa siri majira ya machipuko, nikampandikiza kila mmoja kipande cha ngozi kutoka kwa panya wa ukoo ulioota uvimbe, nikakigeuza ili manyoya yaelekee kichwani na kipande kilichoshika kijulikane kwa kupapasa.

"Mabibi na mabwana, mtindo mpya wa nywele, kwa heshima ya Profesa Rydelius!"

Ukumbi uliangua kicheko.

"Sixten!" Gunvor alininong'oneza. "Umeniibia panya?"

"Nimeazima. Hebu tulia."

Rydelius hakucheka. Alikuja, akampapasa mmoja mgongoni. "Tangu lini?"

"Tangu machipuko, miezi kadhaa sasa. Ngozi ngeni ingedondoka ndani ya wiki chache."

Alimpapasa wa pili, wa tatu, wa nne. "Na huyu?"

Wa tano alikuwa na kovu tupu. Nilikuwa tayari kusema amejikuna, lakini Gunvor alinitangulia. Alitazama alama ya sikioni.

"Huyu ametoka kizimba cha dirishani. Basi si wa ukoo huu. Naomba jedwali la nne, la panya wa kizimba hicho, lifutwe lote, Profesa."

"Jedwali la nne? Ndilo zuri kuliko yote."

"Lilikuwa zuri kupita kiasi. Hakuna aliyeota uvimbe; wangeukataa hata bila chanjo."

Hapo ndipo Rydelius alipocheka, peke yake, kwa muda mrefu.

Gunvor alifaulu, kwa daraja la chini kidogo kuliko alilolitarajia.

"Mshenzi wewe," aliniambia mlangoni. "Ungenionyesha jana, ningepata usingizi."

"Ungenikataza kuwaleta."