Makaa Matatu ya Cécilia

Kabambare, huko Kongo ya Wabelgiji, ilimpokea Louise kwa mvua, na mvua ya mwaka ule wa hamsini na mbili si ya kumsimulia mtu ukitaka akuamini: samaki waliokotwa katikati ya barabara ya Kasongo, wakielekea mjini. Alikuwa mkunga, ametoka Ubelgiji kwa hiari yake, bila mshahara, aje kuzalisha wanawake. Akapewa nyumba ya udongo na kitanda cha matete; maji aliyafuata mtoni.

Asubuhi ya kwanza jirani yake, Cécilia, alimletea kinga cha moto. Louise akatabasamu, akamwonyesha viberiti na jiko lake la mafuta ya taa, akamwashiria asijisumbue. Cécilia akarudi na moto wake.

Miezi miwili ikapita. Louise alijifunza Kingwana, Kiswahili cha huko, na kuoga kwa nusu ndoo, na kukung'uta viatu kabla ya kuvaa. Mchwa walikula kitabu chake cha sala chote, wakambakizia amina. Hayo aliyazoea. Ila mwenye mimba hata mmoja hakukanyaga kwake. Hakuna aliyemkatalia, walimwitikia ndiyo, Mamuzele, kama walivyowaita mabibi wa Kizungu wasioolewa, kisha wakazalia kwao.

Ndipo Apolline, binti wa Cécilia, aliposhikwa na uchungu. Siku mbili Louise alimsikia ng'ambo ya ua. Alipobisha, aliambiwa mgonjwa amelala. Siku ya tatu Apolline akazikwa pamoja na mtoto wake.

Musafiri, muuguzi wa zahanati, alimkuta Louise kizingitini. Louise akamwuliza amewakosea nini watu hawa. Musafiri alisita, kumkosoa mzungu miaka ile kulitaka moyo.

"Mamuzele, huku mugeni anapokea moto kwa jirani. Mwenye kuukataa anasema: miye ni mupita njia. Sasa nani atatia mutoto mu mikono ya mupita njia?"

Louise aliingia ndani, akazima jiko, akaokota kigae cha chungu. Hadi kwa Cécilia ni hatua ishirini. Siku ile zilikuwa nyingi kuliko bahari aliyovuka.

Cécilia alikuwa ameketi chini mbele ya mafiga, kichwa kimenyolewa kwa msiba.

"Viberiti vyako vimeisha?"

"Viko, mama. Nimekuja kuomba moto."

"Ungeupokea siku ile, ningekuita."

Louise akapiga magoti, kigae mkononi, akangoja mpaka magoti yakafa ganzi. Mwishowe Cécilia akachambua makaa matatu kwa vidole vyake, vile vidole vya mpishi visivyoungua, akayatia kigaeni.

"Usiache yazimike," alisema bila kumtazama. "Muke wa mutoto wangu, Marguerite, iko na mimba ya miezi saba."

Kigae kilianza kumchoma kabla hajafika nusu ya njia. Hakukiweka chini.