Ufito wa Pima Arobaini

Nchi ya Kitawi ina barabara kubwa moja tu. Inaanzia kwenye lango la ikulu mjini Kungule, inapita katikati ya mashamba ya mkonge ya mashemeji wa Mkuu Shadidi, inayakwepa mabonde wanakoishi watu wengi, kwa kuwa siku ilipochorwa watu wengi hawakuulizwa, kisha inapanda milima ya Korongo na kuishia Upeo, uwanda mweupe wa chumvi ambako mvua huja kama mgeni asiyependa kukaa. Yaliyotokea kwenye barabara hiyo mwaka wa Kifukuto nimesimuliwa mara nyingi, na kila mara nashika kichwa.

Kifukuto kilikuwa ugonjwa wa pumzi. Mtu aliamka mzima, adhuhuri akawa anawaka mwili, na baada ya siku tano majirani walikuwa wakiulizana nani wa kumzika. Tabibu wa serikali, mwanamke mkavu asiyejua kusifu wakubwa, alisema jambo moja: kila mtu awe na ufito wa pima mbili, na asimsogelee mwenziwe zaidi ya urefu wa ufito huo. Lilikuwa shauri jema, na kwa wiki moja lilifanya kazi. Lakini Kitawi ni nchi ambayo jambo jema halikai bila kupewa cheo. Madiwani walisema haiwezekani wao na wauza mihogo walingane fito, wakajiongezea hadi pima tano. Mawaziri wakachukua kumi. Mkuu Shadidi naye akaamuru misandali kumi na miwili ya msitu wa serikali ikatwe, ichongwe hadi unene wa mkono, iunganishwe kwa pete za shaba, na hivyo ukazaliwa ufito wa pima arobaini, unaonukia kutoka mtaa wa pili. Zikafuata sheria. Kiongozi aliyesogelewa na mtu ndani ya pima zake alihesabiwa amepoteza cheo papo hapo. Na kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakisumbua kwa kuomba dawa, ikaandikwa kwamba maneno ya mwenye Kifukuto ni joto la ugonjwa tu, kwa hiyo ombi lake wala amri yake isisikilizwe.

Ufito wa Mkuu ulibebwa na wanaume themanini waliopangwa kwa safu, kila mmoja akihema kisogoni mwa mwenzake. Mtu mmoja aliuliza kama hao nao hawakukaribiana mno. Ofisi ya Umbali ilimjibu kwa barua yenye muhuri kwamba wabebaji si watu kwa maana ya sheria. Ni sehemu ya ufito. Barua hiyo ilibandikwa sokoni, watu wakaisoma, wakaenda zao.

Mjini Kungule aliishi Siwema, binti Farjala, mshonaji wa magunia, na shida yake ilikuwa moja. Baba yake alikuwa Upeo, mwisho kabisa wa barabara, peke yake. Mzee Farjala alichonga mawe ya kusagia mpaka vipande vya mawe vilipomla macho yote mawili, na jirani aliyekuwa akimchotea maji kwa punda alikuwa amefungasha na kukimbilia kwa wanawe. Kabla ya kuondoka jirani huyo aliandika barua: “Nimemjazia pipa. Ni maji ya siku tisa, akinywa kwa adabu. Nisamehe.” Barua ilichukua siku mbili kufika. Zilibaki saba, na safari yenyewe ilikuwa ya siku mbili.

Siwema hakulia. Alimwita wifi yake, Bi Mgeni, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele, wakageuza kalenda ya mwaka uliopita na kupanga safari mgongoni mwake kwa uangalifu wa watu wanaopanga harusi. Madumu sita ya maji, mawili yao na manne ya baba. Mihogo ya kuchemsha na mayai, ili wasinunue kitu njiani. Mche wa sabuni ukatwe vipande vinane. Mafuta ya pikapu ya Siwema ya magunia wayabebe wenyewe, wasisimame penye watu. Wakachagua mpaka vichaka vitatu vya kuchimba dawa, kila kimoja mbali na kijiji. Kipengele cha kumi na moja kilisema: shoka, mti ukianguka njiani ukatwe. Na kwa kuwa Bi Mgeni alikuwa amemuuguza mpangaji wake wiki ile, na hakuwa na hakika na pumzi yake mwenyewe, angekaa nyuma kwenye bodi ya pikapu, juu ya kigoda, chini ya mwavuli.

“Yaani wifi, unanisafirisha kama mbuzi wa sikukuu?”

“Mbuzi hana kelele kama zako. Kaa huko uniombee dua.”

Kilichobaki ni kibali cha Ofisi ya Umbali, maana bila kibali cha safari salama hakuna gari lililotoka Kungule. Siwema alifika asubuhi, akachungulia, akaishia mlangoni. Fito za maofisa, za pima tano tano, zilikuwa zimelazwa sakafuni na kulijaza jumba zima, na maofisa wamekaa kila mmoja katika uwanja wake. Wananchi walikuwa wamesukumwa kwenye kona moja iliyobaki, zaidi ya watu mia mbili, kifua kwa mgongo, madirisha yamefungwa yote isipokuwa la karani. Siwema aliifunga kalenda kwenye ncha ya ufito wake, akaipitisha dirishani.

“Karatasi haipangi foleni, mama,” karani alisema. “Ingia na wenzako.”

“Humo ndani watu wamebanana, baba yangu.”

“Ndiyo maana tunawapa vibali vya kukaa mbali mbali.”

Aliyasema bila kucheka. Siwema alikataa kuingia, akasimama nje chini ya jua, akaambiwa basi asubiri foleni iishe. Alisubiri siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, akiyahesabu maji ya baba yake kichwani. Siku ya tano foleni iliisha. Haikuisha kwa kuhudumiwa. Karani alifungua daftari, akaanza kuita majina mia mbili na kumi na moja, na baada ya kila jina alingoja kidogo, kisha akaita lingine. Walioitika walikuwa kumi na wawili. Siwema aliusikia ukimya ule wote, jina kwa jina, mkono umeziba mdomo. Mwishowe karani alinyoosha mkono dirishani, akaichukua kalenda, akaigonga muhuri huku akikohoa.

Waliondoka saa ile ile. Zilibaki siku mbili, za safari tu.

Mpango wao ulikuwa mzuri na ulifanya kazi, nalisema hili kwa sababu katika kisa hiki ndicho kitu pekee kilichofanya kazi. Walikula mihogo yao, walinawa kwa sabuni yao, walilala garini mmoja mbele na mmoja nyuma, na kila walipopita kijiji Bi Mgeni alisalimia kwa sauti kutoka chini ya mwavuli bila pikapu kupunguza mwendo. Siku ya pili, jua likiwa utosini, walifika kwenye kona ya Korongo, pale barabara inapojikunja kati ya mwamba na bonde, na wakakuta imejaa mawaziri.

Walikuwa wanane, wametawanyika mabegani mwa barabara, kila mmoja na ufito wake wa pima kumi. Mbele yao, pima arobaini kamili, lilisimama gari jeusi. Mkuu Shadidi alikuwa amesikia kwamba Upeo hakuna Kifukuto, akaamua kuhamia huko yeye na hewa yake. Aliendesha mwenyewe, maana dereva angekuwa karibu mno, na ufito ulifungwa kwenye boneti, ukitanguliwa na wabebaji. Hakuna aliyefikiri kwamba kitu cha pima arobaini hakiwezi kukata kona. Ncha ilikwama kwenye mwamba, wabebaji wakasukuma na kuvuta, wakakohoa, wakaanza kuanguka. Waliobaki na miguu walikimbia. Ufito ulilala mshazari ukiifunga barabara, na Mkuu, aliyekuwa amehemewa na mbebaji wa karibu tangu Kungule, alikaa chini akiegemea gurudumu, uso umeiva, midomo imepasuka.

“Maji!” sauti yake ilikuja nyembamba. “Nyie! Leteni maji!”

Hakuna aliyetikisika.

“Yuko hapo tangu lini?” Siwema aliuliza kupitia dirishani.

“Tangu juzi,” alisema Waziri Makubazi, msimamizi wa umbali nchini, akiupangusa ufito wake vumbi.

“Juzi! Na mnamsikia?”

“Tunamsikia. Lakini ana Kifukuto, na amri ya mgonjwa si amri. Ni sheria yake mwenyewe.”

“Sasa mnangoja nini?”

“Tunangoja apone,” Waziri Makubazi alisema, “atuamuru tumsaidie.”

Bi Mgeni alisimama juu ya kigoda chake. Alikuwa amefundisha watoto miaka thelathini na mbili na alidhani amekwishasikia kila aina ya jibu. Siwema yeye alikuwa akiutazama ule mti uliolala barabarani, na nyuma yake, upande wa pili wa mlima, pipa la baba yake. Hapakuwa na njia nyingine. Aliwasha gari.

“Rudi nyuma!” Waziri Makubazi alipiga kelele. “Pima kumi! Pima kumi, wewe mwanamke!”

Siwema hakurudi nyuma, alikwenda mbele polepole, katikati yao. Na hapo ndipo wale wakubwa walipokumbuka sheria ya vyeo. Kila tairi iliposogea, waziri aliruka. Mmoja alijitupa kwenye miiba, mwingine alipanda jiwe na ufito wake ukamning'inia shingoni, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuusogelea mlango wa pikapu bila kupoteza kazi. Njia ilikuwa nyeupe.

Alisimama pima mbili kutoka kwa Mkuu, kama tabibu alivyoelekeza. Bi Mgeni alifunga chupa ya maji kwenye ncha ya ufito wao, akamsogezea.

“Pole, mzee. Kunywa.”

Mkuu aliitazama chupa, kisha akaufuata ufito kwa macho mpaka mkononi mwa Bi Mgeni.

“Una pima ngapi huo?”

“Mbili.”

“Basi mpo karibu mno,” alisema, na mkono wake ukabaki pajani.

Bi Mgeni aliuweka ufito chini pamoja na chupa, karibu na goti la Mkuu, akaviacha. Siwema alikuwa ameshateremka na shoka. Alipoliinua, Mkuu alitoa ukelele ambao hakuutoa kwa ajili ya maji.

“Usikate! Huo ndio mimi!”

“Kipengele cha kumi na moja,” Bi Mgeni alisema taratibu, kwa sauti ya darasani. “Mti ulioanguka njiani.”

Siwema alikata pima mbili kutoka kwenye boneti, akasogea pima mbili nyingine, akakata tena. Kipande cha katikati kilianguka, harufu ya msandali ikajaa korongo lote, na njia ikafunguka kiasi cha pikapu kupita. Ufito wao wa zamani ulikuwa miguuni mwa mgonjwa na usingeweza kuguswa tena, kwa hiyo walikichukua kile kipande, wakakitupa kwenye bodi, wakaendelea na safari.

Bi Mgeni, aliyekuwa amekaa akitazama nyuma, ndiye aliyeona kilichofuata. Waziri Makubazi alitoa futi ya kamba mfukoni. Aliukadiria kwa mbali ule mti uliobaki kwenye boneti, akawaambia wenzake jambo, na wote wanane wakalaza fito zao chini. Mtu mwenye ufito wa pima mbili ni mwananchi wa kawaida. Na mwananchi wa kawaida mwenye Kifukuto akikutwa barabarani, sheria ya Kitawi inasema aondolewe barabarani. Haisemi apelekwe wapi. Wakaanza kumwendea. Kama walikwenda kumnyanyua au kumsukuma, Bi Mgeni hakujua, kwa kuwa pale ndipo kona ilipomziba. Alichokiona mwisho ni chupa, ingali imesimama.

Walifika Upeo alasiri ya siku ya tisa. Kabla hawajaiona nyumba walisikia mlio: mtu anagonga pipa kwa kifundo cha kidole, ananyamaza kusikiliza, anagonga tena. Mlio ulikuwa wa pipa tupu. Siwema alishuka gari likiwa halijasimama vizuri.

“Baba!”

Kugonga kukakoma. Mzee Farjala aligeuza uso.

“Siwema? Usinikumbatie, mama. Nimesikia watu wanakufa.”

“Sikukumbatii, baba.” Sasa ndipo alipolia, akilia na kumimina maji kwenye kikombe, akakifunga kwenye ncha ya kile kipande na kumsogezea. “Nyoosha mkono. Mbele kidogo. Hapo.”

Mzee alipapasa, akaupata mti, akaufuata hadi kwenye kikombe. Alikunywa nusu, akatulia, pua yake ikanusa.

“Msandali,” alisema. “Huu ni mti wa mtu mkubwa. Mmeutoa wapi?”

“Ulianguka njiani.”

“Na mwenyewe?”

“Tulimwachia maji,” Siwema alisema.

“Alikunywa?”

Siwema alimtazama Bi Mgeni. “Niliiacha chupa bado imesimama,” Bi Mgeni alisema. Mzee akapapasa kizingiti cha mlango wake, akakiweka pale kile kikombe, na nusu ya maji ndani yake.

“Barabara inaishia hapa,” alisema. “Akija, atakuja na kiu.”

Huko Kungule matangazo yanaendelea kutoka kila wiki kwa jina la Mkuu Shadidi, yakisema yu mzima na yuko salama kuliko wakati wowote. Huko Upeo, kila asubuhi, Siwema hubadilisha maji ya kikombe.