Mifuko ya Fundi

Kila asubuhi, kabla hajawafungulia watu mlango pale zahanati, Mama Fomu aliweka viganja juu ya meza na kumwomba Mungu amlinde asimpotoshe mtu, hata kwa kutojua. Alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini, katika masomo ya jioni, na sasa kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wa kipato kidogo wasipoteze bima ya afya ya serikali. Jina hilo la utani walimpa wao, naye alilipenda.

Siku hiyo fundi cherehani aliwahi kuliko wote. Mkewe alikuwa mgonjwa wa figo, akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na mzigo wote ulibebwa na bima.

"Mama, jana wameturudisha nyumbani. Eti kadi imekufa. Kadi inakufaje na mwenye kadi yu hai?"

"Kwani hawakukutumia barua?"

"Barua zipo! Mimi si mtu wa kupoteza vitu." Akatoa mfuko wa kitambaa cha bluu, akauweka mezani kwa fahari. "Si ulituambia mwenyewe kwenye mkutano? Kila karatasi ya bima muitunze kama mboni ya jicho. Haya, panya aingilie wapi hapo? Hata majirani nimewashonea, bure kabisa."

Mama Fomu aliugeuza huku na huku. Ulikuwa umeshonwa pande zote nne.

"Unafungulia wapi, fundi?"

"Ya nini kufungua? Ikija mpya nafumua kidogo, naitumbukiza, nashona tena."

Wakafumua. Zilitoka bahasha tatu, gundi yake haijaguswa. Mama Fomu alizisoma kwa sauti, kidole chini ya mstari kama alivyofundishwa. Ya kwanza iliwataka wathibitishe makazi na kipato ndani ya siku thelathini. Ya pili ilikumbusha. Ya tatu ilisikitika.

"Mungu wangu. Mbona hukuniletea?"

"Ulisema tunza," fundi alijibu polepole. "Nikatunza."

Ni kweli, ndivyo alivyosema. Hakusema fungueni, wala hakusema leteni. Tangu ajue kusoma, alikuwa amesahau kwamba na yeye zamani alificha bahasha za serikali chini ya sanduku, akidhani kutozigusa ndiyo heshima.

Saa ile ile alijaza fomu na kuandika ombi la dharura. Akapiga simu makao makuu ya bima.

"Siku kumi, mama," binti wa huko alisema. "Utaratibu ndio huo."

"Huyu mgonjwa hana siku kumi, mwanangu."

"Naelewa, mama. Ila ndio huo."

Fundi alipita kila asubuhi kuuliza. Hospitali ilimsafisha mkewe mara moja tu, kwa huruma ya daktari. Siku ya tano alisema miguu imevimba, viatu haviingii. Siku ya saba alisema, "Mke wangu anakusalimu, anasema usijilaumu." Mama Fomu alifunga mlango, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji na kuomba mpaka sauti ikakauka.

Siku ya nane fundi hakuja.

Alikuja baada ya mazishi, na bahasha mkononi.

"Hii nimeifungua mwenyewe," alisema. "Nisomee."

Mama Fomu alisoma. Ombi limekubaliwa. Kadi ya mkewe inatumika tena kuanzia siku ilipofungwa, kana kwamba haikuwahi kufungwa.

"Kwa hiyo kadi iko hai," fundi alisema.

Fundi alikunja barua, akatoa mkasi wake mdogo mfukoni.

"Nilishona mifuko kumi na saba, mama. Nyumba zote nazijua. Twende."

Nyumba ya kwanza, jirani alimpa pole, akaleta mfuko wake, kisha akaukumbatia alipoona mkasi.

"Shemeji, utaharibu kazi nzuri hivi?"

Fundi aliuchukua taratibu, akaketi kizingitini, akaanza kukata uzi, mshono baada ya mshono, mpaka bahasha ikachungulia, haijaguswa. Akaitoa, akamnyooshea jirani, si Mama Fomu.

"Fungua," alimwambia. "Fungua sasa hivi, dada yangu, nikiona."