Mapigo ya Alhamisi

"Leo jenereta ina mafuta, ama tutapimwa kwa dua?" Muhubo aliuliza, akimpaka mkaza mwanawe, Nasteho, jeli tumboni.

"Ina mafuta, mama," Philip alijibu.

Ndivyo walivyofanya tangu mwanzo wa mimba. Muhubo hupaka jeli na kushika shuka; Philip hushika kifaa cha kupimia tu. Kidole chake hakigusi ngozi ya mke wa mtu. Kwa adabu hiyo wanawake wa Kisomali wa mtaa wa Munuki walimjia yeye, Mkenya, kwenye kliniki ya chumba kimoja.

Mimba ya Nasteho ilikuwa ya miezi minane. Alhamisi iliyopita alikuja akihema, akisema mtoto amepunguza kucheza. Jenereta ilikuwa imekauka, Philip akatumia kifaa kidogo cha betri, kinachotoa sauti bila picha. Kikadunda haraka haraka. "Anapiga vizuri," akawaambia. Walirudi nyumbani wakicheka.

Leo ni Jumatatu, na tangu siku ile mtoto hajacheza kabisa.

Picha ilitokea kwenye skrini. Kichwa. Uti wa mgongo. Kifua. Ndani ya kifua hakuna kilichotikisika. Philip aligeuza kifaa, akangoja, akajaribu upande wa pili.

"Mbona kimya?" Muhubo aliuliza. "Wewe si huongea kama redio?"

"Moyo haupigi, mama. Mtoto amefariki."

"Muongo! Alhamisi tulimsikia wote!"

Philip alijua walichosikia. Moyo wa mama mwenye hofu hukimbia hadi ukafanana na wa mtoto. Ndiyo maana mpimaji hushika mkono wa mama, akahesabu mapigo yake, akalinganisha. Hilo hufundishwa mapema kabisa. Alhamisi aliutazama mkono wa Nasteho, akamtazama Muhubo, akauacha. Labda mtoto alikuwa ameshakufa. Labda alikuwa bado na saa chache za kufikishwa hospitali.

"Mlisikia moyo wa Nasteho," alisema. "Sikumshika mkono kuhakikisha."

Muhubo alimkodolea macho.

"Si ungesema? Kwani mimi ningekukataza?"

Philip alianza kufuta kifaa.

"Daktari, angalia tena," Nasteho alisema.

Akaangalia tena. Akatikisa kichwa.

Nasteho hakulia. Alifuta jeli kwa shuka, akashusha gauni. Kisha akateremka kitandani polepole, ubavu kwanza, mkono mmoja chini ya tumbo, akilikinga lisigonge ukingo.